Kutoka Modeli ya Data hadi Lahajedwali: Mfano wa Msamiati wa Mikoko ya Mbwera

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unajadili hatua ya kazi ya leksikografia ambayo mara nyingi huachiwa fundi wa kompyuta, ilhali matokeo yake ni ya kiisimu: kuhamisha taarifa kutoka katika kanzidata kwenda katika lahajedwali. Programu za lahajedwali si ngeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ambamo programu ya aina hiyo ilizungumza Kiswahili. Linalohitaji kufikiriwa ni kile kinachopotea njiani. Mfano wetu ni Mbwera, katika delta ya Rufiji wilayani Kibiti, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko mingine yote nchini Tanzania.

2.0 Uhusiano wa maneno na miti

Modeli ya uhusiano, aliyoieleza E. F. Codd mwaka 1970, hugawa taarifa katika majedwali kadhaa na kuyaunganisha kwa vitambulisho. Kwa msamiati wa mikoko tunahitaji angalau matatu: la maneno, la miti, na la mahali neno liliposikika. Sababu yake ni ya kisemantiki. Neno mkoko hutaja Rhizophora mucronata, na papo hapo hutumika kwa jumla ya miti ya maji chumvi, ikiwamo mchu na mkandaa. Kwa upande mwingine, Bruguiera gymnorrhiza huitwa msinsi na pia muia. Hivyo neno moja lina maana mbili, na mti mmoja una majina mawili.

Lahajedwali la kawaida hulaza haya yote katika jedwali moja. Mtafiti akitoa mstari mmoja kwa kila mti, kisha akabana msinsi na muia ndani ya seli moja, msomaji hatajua tena ni jina lipi lililosikika Mbwera na lipi limetoka kwingineko. Akitoa mstari mmoja kwa kila neno, mkoko utabakiwa na maana moja tu. Njia salama ni mstari mmoja kwa kila uhusiano: neno, maana na mahali, pamoja na vitambulisho vyake. Marudio yatakuwapo, na ni lazima yakumbukwe wakati wa kuhesabu, kwani mistari minne si miti minne. Lakini kwa vitambulisho hivyo data inaweza kurudishwa katika kanzidata bila kupungua.

3.0 Mitego ya maandishi yetu

Kuna mitego inayotokana na desturi zetu za uandishi. Jozi ya ngeli 3/4, ambamo mkoko na mikoko huingia, hugeuzwa kuwa tarehe ya mwezi wa Aprili au Machi. Mzizi wa kitenzi ulioandikwa kwa kistari, kama -kata, huchukuliwa na baadhi ya programu kuwa fomula, na mahali pake hutokea alama ya kosa. Nayo fasili yenye mkato, isipofungwa kwa alama za mtajo katika faili inayotenganishwa kwa mikato, hukatika na kumwagikia safu ya pili. Dawa ni kutangaza safu hizo kuwa matini wakati wa kuingiza faili, na kulinganisha idadi ya mistari kabla na baada ya uhamishaji.

4.0 Hitimisho

Mhariri wa kamusi aghalabu husoma lahajedwali, na nakala yake iliyochapwa ndiyo hurudishwa kijijini ili wazungumzaji waithibitishe. Majina yakichanganywa humo, mzee wa Mbwera ataombwa kuthibitisha neno asilopata kulitamka, na neno lake mwenyewe litahesabiwa kuwa la watu wote au la kutokuwapo. Kwa sababu hiyo mpangilio wa safu ni uamuzi wa kileksikografia, na mwanaisimu hana budi kuufanya mwenyewe, kabla faili haijatoka.