Makohozi Safi Mwezi wa Pili: Furahini, Lakini Msiache Dawa



Nikitembelea vikundi hapa Sericho naulizwa swali moja mara kwa mara: "Mtu wetu alikuwa na TB, akaacha dawa katikati, ugonjwa ukamrudia. Sasa ameanza tena. Ni miezi 2 tu na makohozi yamepimwa, hayana viini. Amenona, hakohoi. Si amepona? Mbona asiende fora kuangalia ngamia zake?"

Hilo ni swali la maana. Mifugo haingoji kliniki. Lakini jibu ni hili: anaendelea kupona, hajapona.

KWA NINI ANAJISIKIA MZIMA MAPEMA?

Viini vingi vya TB viko macho. Vinazaana, vinaleta kikohozi, homa ya jioni na jasho la usiku. Vichache vimelala ndani ya mapafu, kimya. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina 4, nazo huua upesi vile vilivyo macho. Ndiyo sababu nguvu inarudi. Miezi 4 inayofuata humeza aina 2, ili kumaliza vile vilivyolala.

Mnaujua mti wa mathenge. Ukikata matawi, mahali panaonekana safi. Kisiki kikibaki, mvua ikinyesha unachipuka tena. Basi TB ni vivyo hivyo.

Na darubini ya maabara huona viini vikiwa vingi. Vikiwa vichache sana, inaweza kuvikosa. Kwa hivyo makohozi safi mwezi wa 2 ni habari njema: dawa inafanya kazi. Lakini ni habari ya njiani. Makohozi hupimwa tena mwezi wa 5, na tena mwisho wa mwezi wa 6.

MARA YA PILI INATAKA UANGALIFU ZAIDI

Viini vilivyopigwa nusu vikaachwa vinaweza kuwa sugu, yaani vinaizoea dawa. Mtu mwenye viini sugu anapokohoa, watoto wa nyumba hiyo wanaweza kuvuta viini hivyo hivyo sugu.

Zamani mtu aliyerudia alipewa matibabu ya miezi 8, na sindano kila siku kwa miezi 2 ya kwanza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri njia hiyo iachwe. Sasa makohozi hupimwa kwanza kwa mashine, kama ile ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa 2 hivi huonyesha kama kuna TB na kama viini vimeizoea dawa kubwa iitwayo rifampisini. Kama dawa za kawaida bado zinafaa, mgonjwa humeza zizo hizo miezi 6. Kama viini ni sugu, anapewa dawa nyingine.

Kwa hivyo mgonjwa asifiche. Wengine wanaogopa kugombezwa, wanasema hawajawahi kutibiwa. Aseme ukweli: "Nilimeza dawa mwaka fulani, nikaacha." Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha yake.

TUNAJIFUNZA NINI KUTOKA WAJIR?

Shida ya mfugaji na dawa za muda mrefu si mpya. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Italia aliyekuwa mwalimu huko Wajir, alianza kutibu TB kwa njia ya manyatta. Wagonjwa walijenga nyumba zao za kuhama karibu na kituo, wakameza dawa kila siku mbele ya mhudumu mpaka wamalize. Matibabu yalifuata maisha ya watu, na watu wakamaliza dawa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Mchague mtu mmoja, ambaye mgonjwa mwenyewe anamkubali, amwone akimeza dawa kila siku.

2. Mifugo yake ichungwe kwa zamu, au kikundi kisaidie kumlipa mchungaji mpaka miezi 6 iishe. Bila hili, maneno yote ni bure.

3. Ikibidi ahame kwa sababu ya ukame, apite kliniki kwanza, aandikiwe barua ya kuendelea na dawa kituo kilicho karibu na huko aendako.

4. Ramadhani ikikaribia, aulize kliniki mapema kuhusu saa ya kumeza dawa, kama vile wakati wa daku. Kuhusu kufunga akiwa mgonjwa, amwulize sheikh wake.

5. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa, asishtuke, ni dawa. Macho yakiwa ya manjano, au akitapika sana, aende kliniki siku hiyo hiyo.

6. Yeyote nyumbani anayekohoa wiki 2 au zaidi akapimwe. Dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure.

MASWALI YA KUJADILI

Je, katika kikundi chetu kuna mtu aliyeacha dawa? Alikwamia wapi: njaa, safari, aibu, au mifugo? Nani kati yetu atakwenda kumwona wiki hii?

Mwezi wa 2 mpongezeni kwa kikombe cha chai. Mbuzi wa sherehe angoje mwezi wa 6.