Viongezo vikongwe vya barua pepe: Mambo ya kuchunguza kabla ya kusasisha programu

MTUMIAJI wa programu ya barua pepe ya Thunderbird anayenuia kuhama kutoka toleo la kale hadi jipya anapaswa kutambua jambo moja kabla ya kubonyeza kitufe: huenda viongezo alivyovitegemea kwa miaka mingi visifanye kazi tena, na njia ya kurudi alikotoka si nyepesi.

Kiongezo ni kijiprogramu kinachopachikwa ndani ya programu kubwa ili kuipa uwezo ambao haikuwa nao. Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa Desemba 2004, ilipendwa na wengi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, viongezo vingi havitengenezwi na waundaji wa Thunderbird. Aghalabu ni kazi ya mtu mmoja anayejitolea, na akichoka, huenda asipatikane wa kuiendeleza.

Viongezo vya kale viliruhusiwa kugusa kila sehemu ya programu. Uhuru huo uliwapa waandishi wake nguvu kubwa, lakini pia ulihatarisha usalama. Isitoshe, sehemu ya ndani ya programu ilipobadilishwa hata kidogo, kiongezo kilichoitegemea kiliharibika.

Kivinjari cha Firefox kiliviacha viongezo vya aina hiyo katika toleo la 57, Novemba 2017. Thunderbird, iliyojengwa juu ya msingi uo huo, haikuwa na budi kufuata. Toleo la 68 la Agosti 2019 lilivipokea kwa masharti tu, na toleo la 78 la Julai 2020 likavifungia mlango. Tangu hapo, vinavyokubaliwa ni vile vilivyoundwa kwa mfumo mpya uitwao MailExtensions.

Mfano dhahiri ni Enigmail, kiongezo kilichotumiwa kufumba barua ili zisisomwe na asiyehusika. Kazi yake sasa inafanywa na Thunderbird yenyewe, lakini programu huweka funguo zake mahali tofauti na pale zilipohifadhiwa zamani. Asiyehamisha ufunguo wake wa siri hataweza kusoma barua za miaka iliyopita alizotumiwa zikiwa zimefumbwa.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kunakili folda nzima ya wasifu, yaani folda inayohifadhi barua, anwani na mipangilio ya mtumiaji. Thunderbird ifungwe kwanza, kisha nakala iwekwe kwenye diski ya nje. Akiba haiozi. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa wanaopokea barua kwa njia ya POP, kwani huenda barua hizo zimebaki katika tarakilishi hiyo pekee. Aidha, tangu toleo la 68, programu ya kale hukataa kufungua wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi. Bila nakala, hakuna marejeo.

Hatua ya pili ni kuorodhesha viongezo vyote na kuvigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile ambavyo kazi yake imeingizwa katika programu, kama Lightning, kiongezo cha kalenda. La pili ni vile vyenye toleo jipya, au vilivyopata mbadala katika tovuti rasmi ya viongezo vya Thunderbird. La tatu ni vilivyokosa mrithi. Hapo mtumiaji hana budi kutafuta njia nyingine ya kutimiza kazi hiyo kabla ya kuhama.

Baada ya kusasisha, programu ikikwama, ifunguliwe kupitia menyu ya usaidizi katika hali ya kutatua hitilafu, ambayo huvizima viongezo vyote. Ikitulia, basi kosa limo katika kimojawapo. Virejeshwe kimoja kimoja hadi mkosaji apatikane.

Wapo wanaochagua kubaki na toleo la kale ili wasipoteze kiongezo wakipendacho. Uamuzi huo una gharama. Toleo lililoachwa halizibwi tena nyufa za usalama, ilhali barua pepe ni mlango unaopendwa na wahalifu wa mitandao.

Hata viongezo vipya havijamaliza tatizo. Kinachoomba ruhusa ya kuifikia Thunderbird yote pamoja na tarakilishi nzima bado hugusa sehemu za ndani, na chaweza kuharibika toleo linapobadilika. Anayekipachika akumbuke kwamba siku moja huenda akalazimika kuishi bila hicho.