KUHIFADHI MIZINGA YA NYUKI WAKATI WA UPIGAJI DAWA YA MBU

Upigaji wa dawa ya mbu ni miongoni mwa hatua zilizosaidia sana kupunguza malaria Unguja na Pemba, hasa tokea mwaka 2006, ilipoanza kampeni ya kupiga dawa kuta za nyumba sambamba na matumizi ya vyandarua vyenye dawa. Hata hivyo, dawa nyingi zinazoua mbu huua na nyuki pia. Kwa sababu hiyo, wapiga dawa na wafugaji nyuki hawana budi kupeana taarifa kabla ya kazi kuanza.

Hatari hutegemea namna dawa inavyopigwa. Dawa ya ndani ya nyumba hubakia ukutani, na kwa kawaida haiwafikii nyuki walioko shambani. Madhara hutokea pale maji yaliyooshewa mabomba yanapomwagwa ovyo, kwani nyuki huteka maji na kuyapeleka mzingani, au pale nyuki wanapokuwa wamejenga darini. Dawa inayofukizwa nje ina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa huwaangukia nyuki wanaoruka pamoja na maua wanayoyatembelea, kama vile ya minazi na mikoko.

Jambo la pili ni wakati. Nyuki hufanya kazi mchana na hurejea mzingani magharibi. Mwezi wa Agosti 2016, katika eneo la Dorchester, jimbo la South Carolina nchini Marekani, ndege ilinyunyiza dawa asubuhi ili kuzuia maradhi ya Zika, nyuki wakiwa tayari wametoka. Mamilioni ya nyuki walikufa, na wapo wafugaji waliolalamika kwamba hawakuarifiwa mapema.

Ili kuepusha hasara ya namna hiyo, inashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Kila mfugaji amjuulishe sheha wake idadi ya mizinga aliyonayo na mahali ilipo, ikiwemo iliyotundikwa mitini.

(b) Wasimamizi wa kazi wawape masheha taarifa ya siku, saa na aina ya dawa, nao masheha wawafikishie wafugaji mapema.

(c) Ufukizaji wa nje, inapowezekana, ufanywe baada ya jua kutua, na usifanywe wakati wa upepo mkali.

(d) Jioni ya kabla ya kazi, mfugaji aliyevaa nguo za kinga aifunike mizinga kwa magunia yaliyoroweshwa maji, na ayaondoe baada ya dawa kutulia. Mlango usizibwe kabisa, wala isitumike karatasi ya nailoni. Nyuki huhitaji hewa ili kupoza mzinga. Wakifungiwa kwenye joto, huweza kufa na masega yakaanguka.

(e) Nyuki wawekewe maji safi karibu na mzinga baada ya kazi, na maji yaliyooshewa mabomba yamwagwe katika shimo lililotengwa tu.

(f) Vyombo vya asali na masega yaliyomo ndani ya nyumba vitolewe nje, vikiwa vimefunikwa vyema, kabla ya wapiga dawa kuingia.

Mfugaji akiona nyuki wengi waliokufa mbele ya mzinga, au wanaotetemeka na kushindwa kuruka, atoe taarifa siku hiyo hiyo kwa sheha au afisa misitu wa wilaya, na asivune asali ya mzinga huo kabla ya kupewa ushauri.

Ieleweke kwamba kuwa na mizinga si sababu ya kukataa nyumba kupigwa dawa. Nyumba iliyoachwa huwa ni makimbilio ya mbu, na athari yake huwafika majirani. Vile vile, haraka ya kumaliza kazi si sababu ya kutompa mfugaji taarifa. Taarifa ikitolewa kwa wakati, mizinga huhifadhika bila ya kumpunguzia mwananchi yeyote kinga yake dhidi ya malaria.