Kompyuta Isiyoamka Haijafa

Je, wajua kwamba kompyuta, kila inapowashwa, huanza kazi pasipo kuufahamu mfumo endeshi uliohifadhiwa katika diski yake yenyewe? Huamka na programu moja ndogo iliyotiwa katika chipu ya ubao mkuu, nayo, baada ya kukagua kumbukumbu na viungo vinginevyo, hutafuta mahali pa kuanzia. Kwa utaratibu ulioletwa na IBM mwaka 1983, mahali hapo ni sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 basi: 446 za maagizo, 64 za ramani ya sehemu za diski, na 2 za mwisho ambazo ni alama ya uthibitisho. Alama hiyo ikikosekana, mashine hutangaza kwamba haina diski ya kuwashia, ilhali picha, barua na hesabu za mwenyewe zingali salama. Mashine za sasa hufuata utaratibu wa UEFI, ambao huweka kianzio, yaani maagizo hayo ya kuanzia, katika faili zilizo ndani ya sehemu yake mahsusi ya diski. Lakini kanuni haikubadilika, kwani kufuli ikiharibika, mali iliyo ndani ya nyumba haijapotea.

Katika Lucky Summer, mtaa wa eneo bunge la Ruaraka jijini Nairobi, kama katika mitaa mingine ya Eastlands, saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, ndiyo afisi ya wasio na afisi: humo hujazwa fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na marejesho ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato, na huandikwa barua za kuomba kazi. Umeme ukikatika humo ghafla wakati diski inaandikwa, mfumo huweza kubaki nusu mpya, nusu wa zamani, na asubuhi yake kompyuta ikakataa kuwaka. Hapo aghalabu husikika shauri la kupiga, yaani kusakinisha, Windows upya, shauri jepesi ambalo, likitekelezwa pasipo hadhari, hufuta kilichokuwa hakijadhurika.

Fundi mwenye insafu huanza kwingine. Huwasha mashine kwa flashi yenye Linux, ambayo huendeshwa bila kuigusa diski, akanakili nyaraka za mteja mahali pengine. Kisha hupima afya ya diski, akatengeneza mfumo wa faili, akarejesha kianzio, na kuupiga mfumo upya huwa ndiyo dawa ya mwisho. Mpango huo una sababu: kila tengenezo huandika juu ya diski, na diski iliyo mahututi huenda isistahimili maandishi hayo.

Tarehe 19 Julai 2024 ulimwengu mzima ulipata ithibati ya jambo hili, pale faili moja yenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilipozilemaza kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, safari za ndege zikavunjwa na hospitali zikatatizika. Dawa ilikuwa kuingia katika hali salama na kuifuta faili ile, lakini mafundi wengi walilazimika kuiendea mashine mojamoja, maana isiyoamka haipokei amri kwa mtandao.

Basi umpelekeapo fundi kompyuta yako, mwambie kwanza ni nyaraka zipi usizoweza kuzipata tena, na umtake azinakili kabla ya lolote. Mfumo endeshi hupatikana upya wakati wowote. Cheti kilichoskaniwa na kitabu cha hesabu za duka havipatikani, na ni kwa ajili ya hivyo kompyuta ilinunuliwa.