Kipara si Duara, Mshikaji!

Nilikuwa Katoro, mkoani Geita, nimekaa kwenye benchi la kinyozi nikisubiri zamu yangu ya kusafishwa upara. Kijana mmoja, katoka machimboni na suruali imejaa vumbi, akanikodolea macho, kisha akaropoka: "Anko, kichwa kinavyong'aa hivyo, humo ndani lazima kuna mali!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ila tumbo lilinicheza. Unajua kwa nini? Juni 2017, wilaya ya Milange huko Msumbiji, wanaume wenye vipara waliuawa. Polisi walisema chanzo ni imani kwamba kichwa cha mwenye kipara kina dhahabu. Loh!

Sasa tulichambue neno lenyewe. Upara ni Kibantu safi na lina ndugu zake: Wakikuyu wana kihara, Wanyarwanda uruhara. Yaani ile P yetu kwao ni H. Maana ni ileile: kichwa hakina nywele, basi.

Wazungu je? Warumi wa kale walisema calvus. Waitaliano na Wahispania wakabaki na calvo, Wafaransa wakaligeuza kuwa chauve. Kalvari tunayoisikia kila Ijumaa Kuu nayo inatoka kwenye ukoo huohuo, kwa neno calvaria, yaani fuvu. Na wewe Calvin unayeringia nywele zako, pole sana kaka, jina lako asili yake ni kipara!

Hata Julius Caesar alikuwa kipara ngoto. Mwandishi wa kale, Suetonius, anasema alizichana nywele chache alizobaki nazo kuja mbele, na alilipenda sana taji la majani kwa sababu lilimfichia aibu. Dhahabu alikuwa nayo tele, lakini aliipora Galia, Ufaransa ya leo. Haikutoka kichwani.

Msione natania tu. Kanda yetu inajua uongo wa namna hii unavyoua. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, wilayani Bukombe. Wakati huo Bukombe ilikuwa mkoa wa Shinyanga, sasa ni Geita. Mganga anadanganya kwamba kiungo cha mtu kinaleta utajiri, mwenye tamaa anaamini, na mtoto wa watu anakufa.

Nikamgeukia yule kijana. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayeshuka kwenye duara. Dhahabu umeiona wapi?"

"Kwenye mwamba, anko."

"Basi hapa kuna ngozi na jasho tu."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe anko, nilikuwa natania."

Nilimsamehe. Lakini wewe msomaji, ukiusikia utani huo kijiweni au saluni, usiuchekee. Mimi sicheki tena.