Kibera ilivyofikiwa na watafiti huku wanafunzi wake wakikosa mihadhara ya mtandaoni

MACHI 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha virusi vya corona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza taasisi zote za elimu zifungwe. Vyuo vikuu vilipewa hadi Machi 20. Katika muda usiozidi juma moja, wahadhiri walijikuta wakikabiliwa na kazi mbili ambazo awali zilipishana kwa ratiba, lakini sasa zilidai meza ile ile, saa zile zile na tarakilishi ile ile: kufundisha kupitia mtandao, na kuandika makala ya utafiti ya kuchapishwa katika majarida ya kitaaluma.

Mengi yamesemwa kuhusu jinsi kazi hizo mbili zilivyogongana. Yasiyosemwa sana ni kwamba mitaa kama vile Kibera na Kawangware jijini Nairobi ilijipata katika pande zote mbili za mgongano huo. Humo walimoishi wanafunzi waliotakiwa kuhudhuria mihadhara kwa simu ndimo pia watafiti walimotafuta majibu ya maswali yaliyokuwa yakiulizwa dunia nzima. Utafiti ulipata njia ya kuwafikia wakazi. Mhadhara mara nyingi haukuipata.

Ili kuelewa ni kwa nini mhadhiri hangeweza kuiweka kando kazi ya kuchapisha hata wakati wa janga, yafaa kutazama kanuni za kupandishwa cheo. Mwongozo uliotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 ulimtaka anayetafuta cheo cha mhadhiri mwandamizi awe na shahada ya uzamifu, awe amefundisha kwa angalau miaka mitatu, na awe amekusanya alama 32 za machapisho, 24 kati yake zikitokana na majarida ambayo makala yake huhakikiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa.

Tofauti iliyomo katika vipimo hivyo ni rahisi kumpita msomaji. Kufundisha kulihesabiwa kwa miaka, ilhali kuchapisha kulihesabiwa kwa alama. Mwaka wa mhadhiri aliyeiandaa upya kozi nzima kwa ajili ya mtandao ulikuwa mwaka mmoja. Mwaka wa mwenzake aliyetuma kwa baruapepe maandishi yale yale ya zamani ulikuwa mwaka mmoja vilevile. Makala moja zaidi katika jarida, kwa upande mwingine, iliongeza alama. Si ajabu basi kwamba mhadhiri mwenye busara ya kujitazamia maslahi yake alijua ni wapi pa kuzipeleka saa chache alizobaki nazo.

Na saa hizo zilikuwa chache kweli. Kuandaa kozi ya mtandaoni si kusoma mbele ya kamera yale yaliyokuwa yakisomwa ukumbini. Mhadhara wa saa mbili sharti ukatwe vipande vifupi. Swali ambalo ukumbini lingejibiwa mara moja, wanafunzi mia mbili wakisikia, hurudi kwa mhadhiri mara thelathini, usiku, kupitia WhatsApp. Mtihani wa kupima kumbukumbu hauna maana pale mtahiniwa ameketi peke yake na madaftari yake, kwa hivyo maswali yote hutungwa upya. Aidha, wengi walilazimika kujifunza mitambo hiyo mipya huku tayari wakiitumia kufundishia.

Upande wa pili wa skrini hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwanafunzi wa Gatwekera au Laini Saba mtaani Kibera, au wa Gatina na Kabiro huko Kawangware, mara nyingi alirudi katika chumba kimoja pamoja na wazazi, na ndugu ambao shule zao pia zilikuwa zimefungwa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 10.4 pekee ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia tarakilishi. Waliobaki walitegemea simu, na simu hula bando. Mhadhara wa video wenye washiriki wengi waweza kumeza zaidi ya gigabaiti moja kwa saa moja. Sauti peke yake hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Vyuo kadhaa viliafikiana na kampuni za simu ili wanafunzi wauziwe bando kwa bei nafuu, lakini nafuu ya bei haimsaidii sana mtu ambaye mzazi wake ameachishwa kibarua.

Si kwamba intaneti haikuwapo. Kampuni ya Poa Internet ilikuwa imekwisha kuanza kuuza huduma ya bei ya chini Kibera na Kawangware kabla ya janga. Zilikuwapo pia saiba. Hata hivyo, kafyu iliyoanza Machi 27, ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilizilazimu kufunga mapema, kabla ya saa ambazo mwanafunzi anayefanya kibarua mchana angeweza kuingia.

Sasa tazama namna utafiti ulivyoendelea. Mwishoni mwa Machi 2020, watafiti wa shirika la Population Council, wakishirikiana na serikali, walianza kuwahoji kwa simu takriban watu 2,000 katika mitaa mitano ya mabanda ya Nairobi, Kibera ikiwa mmojawapo. Waliulizwa iwapo wanazifahamu dalili za ugonjwa, iwapo wanaweza kukaa mbali na wenzao, iwapo wamepoteza mapato, iwapo wamekosa mlo. Kabla ya mwaka kwisha, matokeo yake yalikuwa yameingia katika majarida ya kimataifa, mengine yakiwa yameandikwa pamoja na wanasayansi wa London.

Kwa nini simu iliweza kubeba mahojiano ya utafiti lakini ikashindwa kubeba mhadhara? Jibu halimo katika mitambo. Mahojiano ya utafiti huhitaji simu ya kawaida, hata ile isiyo na intaneti, na anayepiga ndiye anayelipa. Mhadhara wa mtandaoni huhitaji simu ya kisasa, na anayepokea ndiye anayelipa. Katika mpango wa kwanza gharama ya kumfikia mkazi wa Kibera iliandikwa katika bajeti ya mradi. Katika ule wa pili iliachiwa mkazi mwenyewe. Baadhi ya wahadhiri waliligundua jambo hili mapema, wakaacha video na kutuma sauti fupi kwa WhatsApp, pamoja na maandishi. Hizo zilikuwa juhudi za mtu binafsi, na hakuna sauti ya WhatsApp iliyohesabiwa kuwa chapisho.

Wala isidhaniwe kwamba kila mtafiti angeweza kuiga mfano huo. Namba zilizopigwa zilitokana na tafiti zilizofanywa miaka ya awali kwa kubisha mlango baada ya mlango. Shirika lenye orodha kama hiyo liliweza kuanza kazi katika muda wa siku chache. Mhadhiri mchanga anayemalizia tasnifu yake, aliyekuwa amepanga kwenda kuwahoji wachuuzi wa soko la Toi ana kwa ana, hakuwa na orodha yoyote. Kazi yake ilisimama, na pamoja nayo alama zake.

Mfano mwingine mkubwa unatoka Kibera hiyo hiyo. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, zimekuwa na mpango wa kufuatilia maradhi ya kuambukiza katika vijiji vya Gatwekera na Soweto. Kati ya Novemba 27 na Desemba 5, 2020, watu 523 wa kaya 175 zilizosajiliwa katika mpango huo walipimwa damu. Ilikadiriwa kwamba asilimia 43.3 walikuwa na chembechembe za kinga zinazoonyesha kuwa wamewahi kuambukizwa corona. Wakati huo, visa vilivyothibitishwa kote nchini havikuwa vimefika 100,000. Makala hayo yalichapishwa mwaka 2021, na ni mojawapo ya ushahidi ulioonyesha jinsi takwimu za kila siku zilivyokuwa zikiuona upande mdogo tu wa maambukizi. Kazi ya namna hii haiwezi kubezwa kuwa ni ya kutafutia vyeo.

Hata miongoni mwa waliokuwa na data, si wote walioandika. Uchunguzi wa majarida ya kampuni ya Elsevier, uliochapishwa mwaka 2021, uligundua kwamba kati ya Februari na Mei 2020 makala yaliyowasilishwa yaliongezeka kwa takriban asilimia 30 yakilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka 2019, na kwa asilimia 63 katika fani za afya na tiba. Wanawake waliwasilisha kidogo kuliko wanaume. Uchunguzi mwingine, uliofanywa Marekani na Ulaya na kuchapishwa Julai 2020, ulionyesha kwamba waliopoteza muda mwingi zaidi wa utafiti ni wenye watoto wadogo.

Jijini Nairobi jambo hili lilikuwa na sura yake. Kila alfajiri, wanawake wengi hutoka Kawangware kwa miguu kufuata Barabara ya Gitanga kuelekea Lavington na Kilimani, ambako hufua, hupika na kulea watoto wa watu. Janga lilipoingia, wengi wao waliambiwa wasirudi, waajiri wakihofia kuambukizwa. Shule zilikaa bila kufunguliwa kikamilifu hadi Januari 4, 2021. Mhadhiri mwanamke aliyekuwa akiandika makala yake saa ambazo mfanyakazi wa Kawangware alimshikia mtoto alizipoteza saa hizo. Mfanyakazi naye alipoteza mshahara, na pengine ndio uliokuwa ukimnunulia bando binti yake aliye chuoni.

Lipo pia kundi ambalo halikupata nafuu upande wowote, nalo ni la wahadhiri wa muda, ambao hulipwa kwa kila kozi wanayofundisha, na aghalabu kwa kucheleweshwa. Bando la kufundishia walijinunulia wenyewe. Hawana likizo ya utafiti, na ada ambayo baadhi ya majarida humtoza mwandishi ili makala yake yasomwe bure haina wa kuwalipia. Novemba 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Na ajira ya kudumu inapotangazwa, swali la kwanza katika usaili huwa ni idadi ya machapisho.