Minova: Madoa usoni? Soma kopo kabla ya kupakaa

Anayetafuta mafuta ya kuondoa madoa huko Minova, eneo la Kalehe, Kivu ya Kusini, aanze kwa kusoma maandishi ya kopo.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linaonya kwamba zebaki, inayotiwa ndani ya baadhi ya mafuta ya kung'arisha ngozi, inaharibu figo na inaweza kumuzuru mtoto aliye tumboni. Kwenye kopo inaandikwa "mercure" ao "calomel". Alama ingine: kopo likikataza mafuta yasiguse zahabu, feza ao aluminiamu, liache.

Hidrokinoni inafifisha madoa kweli. Lakini ikipakaliwa muda mrefu bila muganga, inaweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka. Umoja wa Ulaya uliikataza katika mafuta ya urembo tangu 2001. Jirani Rwanda pia inaikataza.

Vyenye afazali ni niasinamidi (vitamini B3), vitamini C na asidi azelaiki. Vinaenda polepole, mara nyingi wiki 8 mpaka 12.

Tena, jua linarudisha madoa. Kwa mama anayelima ao kuuza inje siku nzima, kofia pana ndiyo dawa ya kwanza.